HP 8300 inazima tukianza kucheza, taa nyekundu inawaka na kuzima. Ni kadi au pawa saplai?

Karani_Chuno

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Chuno. Wiki mbili sasa mdogo wangu ananinunia kwa sababu ya hii mashine, nimeona niilete hapa kabla sijatoa hela nyingine.

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha korosho. Msimu ulipoisha nikanunua kompyuta ya mtumba, HP Compaq Elite 8300 ile ya kusimama, i5-3470, ramu GB 8, laki mbili na themanini. Ilitoka kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha mashine. Mwezi mzima nimefanyia Excel zangu, dogo anapiga PES ya zamani, lile gemu la mpira, haijawahi hata kukohoa.

Dogo akataka GTA V. Akanionyesha kwamba prosesa inayopendekezwa kwenye maelezo ya lile gemu ni hiyo hiyo i5-3470, ramu hizo hizo GB 8, tulichokosa ni kadi ya grafiki tu. Nikaagiza mtandaoni GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa laki na nusu. Ikaja kwa basi kwenye boksi la viatu, na CD ya draiva, na kiwaya cha kutoa umeme kwenye plagi ya hadi diski kwenda kwenye kadi. Muuzaji akasisitiza tutumie draiva za kwenye CD, tusishushe za mtandaoni.

Windows inawaka vizuri. Gemu linafunguka, unaendesha gari dakika kumi hivi, mara skrini nyeusi na mashine nzima inazima. Ukiiwasha tena taa ya mbele inakuwa nyekundu, inawaka na kuzima, na kuna mlio pii pii. Baadaye mlio unanyamaza wenyewe, tunadhani imepona, kumbe wapi, taa inaendelea. Ukiiacha nusu saa inawaka kama kawaida.

Fundi mmoja hapa mjini kaangalia dakika mbili, kasema "umeme mdogo", ninunue pawa saplai ya 500W kwa elfu tisini. Iliyomo imeandikwa 320W. Ninunue?

Mzee_wa_Kusini

Piga Windows upya, kaka. Hizo za ofisini huwa zina mambo mengi ndani.

Karani_Chuno

Tumepiga mara mbili. Halafu mimi ni dada.

Mkavu255

Dada uza vyote, nunua PS4 ya mtumba, utulie.

Fundi_wa_Mitwero

Dada usinunue chochote kwanza. Hizi HP za ofisini zinajieleza zenyewe, ila watu hawana subira ya kuhesabu. Mlio unarudiwa mizunguko mitano halafu unanyamaza, ndivyo ilivyotengenezwa, ila taa itaendelea mpaka tatizo liondoke. Kwa hiyo msikilize taa. Hesabu inawaka mara ngapi kabla ya kutulia sekunde mbili. Mara mbili ni joto la prosesa. Mara nne ni pawa saplai imezidiwa. Mara tano ni ramu. Mara sita ni kadi ya grafiki.

Halafu nieleze kadi ina matundu gani kwa nyuma, na monita umechomeka wapi.

Karani_Chuno

Tumehesabu watu watatu, pamoja na jirani. Mara nne.

Matundu: moja la HDMI, moja jeupe refu, na moja la bluu. Monita yangu ni ile ya kizamani ya inchi 17, ina waya wa bluu tu, kwa hiyo nimechomeka hapo kwenye bluu la kadi.

Na kuna kitu nimekiona leo wakati nahesabu. Ile plagi ya kiwaya, upande wa hadi diski, imeanza kuwa rangi ya korosho iliyozidi moto.

Fundi_wa_Mitwero

Basi zima, chomoa ukutani, toa hicho kiwaya na kadi kabla ya kuendelea kusoma. Monita irudishe kwenye tundu la bluu la mashine yenyewe, i5-3470 ina grafiki yake ndani, utaona picha.

Sasa nikueleze kilichonishtua. Ni lile tundu la bluu. GTX 1050 Ti ilitoka 2016, na familia ile ya kadi za NVIDIA haitoi tena picha ya VGA, yaani hiyo ya tundu la bluu. Ukikuta "1050 Ti" ya bei poa ina tundu la bluu, tia shaka. Tena 1050 Ti inakula 75W, na sloti ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao wa mashine, inaweza kutoa hizo 75W zote, ndiyo maana nyingi hazina hata plagi ya umeme ya ziada. Zipo chache za kiwandani zenye plagi, sikatai. Ila bluu, plagi, CD na "usishushe draiva mtandaoni", vyote kwenye kadi moja? Hapana.

Nadhani umeuziwa GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011. Wajanja wanaandika upya BIOS ya kadi, ile programu ndogo iliyomo ndani yake, ili Windows isome jina jipya na GB 4 za uongo. Draiva mpya za NVIDIA zinaangalia chipu yenyewe, na kadi hizo za zamani waliacha kuzihudumia 2018, ndiyo maana akakupa CD. Hizo zinakula kati ya 106W na 116W. Angalau hiyo 30W hadi 40W inayozidi uwezo wa sloti inapita kwenye kiwaya chako. Plagi ya SATA, hiyo ya hadi diski, kwa upande wa volti 12 imepimiwa ampea 4.5, yaani 54W, na hiyo ni plagi mpya inayokaza vizuri. Ya mtumba iliyolegea inapata moto, inabadilika rangi, siku nyingine inayeyuka kabisa. Kwa hesabu ya karatasi 320W ingetosha, prosesa yako ni 77W tu. Lakini saplai ina zaidi ya miaka kumi, na mguso ule mbovu unaiyumbisha, ikiona hivyo inajizima. Inakulinda. Hiyo ya 500W ingekuacha uendelee kucheza mpaka ile plagi iwake.

Kabla ya kumgombeza muuzaji pata ushahidi. Rudisha kadi dakika chache, usifungue gemu lolote, endesha GPU-Z. Ni programu ndogo ya bure. Kama ni feki inaandika FAKE mbele ya jina. Angalia pia mstari wa Shaders, idadi ya vichakataji vidogo vya ndani ya chipu: 1050 Ti ya kweli ina 768. Piga picha skrini, toa kadi.

Bahari_Mikindani

Fundi kamaliza. Mimi naongeza jambo dogo tu: huku kwetu pwani, ukishafungua kasha safisha miguu ya ramu na ya kadi kwa raba ya mwanafunzi. Chumvi ya hewani inaweka utando. Yangu ilikuwa inalia tano kila baada ya mvua, nimehangaika miezi, kumbe raba ya mia mbili.

Karani_Chuno

FAKE. Limeandikwa hivyo hivyo, herufi kubwa. Shaders 192.

Nimekaa nayo kimya kidogo. Mimi kazi yangu ni hii. Mkulima akileta gunia sitazami korosho za juu, nachukua sampuli, tunapasua, tunaangalia kiini. Zilizolowa katikati nazijua kwa harufu. Halafu nimenunua kitu cha laki na nusu kwa kusoma sitika! Dogo kacheka mpaka kakaa chini, na yeye ndiye aliyechagua.

Fundi, kama siyo hii, niweke ipi kwenye hiyo 320W bila viwaya vya ajabu? Na monita yangu ni ya bluu, sina hela ya nyingine mwezi huu.

Fundi_wa_Mitwero

Tafuta GTX 750 Ti ya GB 2, ile isiyo na plagi ya umeme, maana zipo zenye plagi pia. Ni ya 2014, inakula 60W, yote kutoka kwenye sloti. Nyingi zina tundu la bluu, na kwake ni halali, ile familia bado ilikuwa inatoa VGA. Huyo dogo asitegemee maajabu, ila GTA V itakwenda.

Ninazo mbili hapa Lindi. Siziuzi kwa basi. Ukitaka njoo uione ikiwaka.

Karani_Chuno

Mrejesho. Jumamosi nilipanda kosta ya asubuhi mpaka Lindi, mashine nimeipakata kama mtoto, kondakta kanidai nauli yake. Nikamwambia fundi afungue GPU-Z mbele yangu kabla sijaulizia bei. Shaders 640, jina safi. Nikalipa laki na kumi. Akasafisha na feni ya prosesa, akatoa pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka kama ugali wa jana akaweka mpya, akakataa hela ya hiyo kazi. Raba nilienda nayo mwenyewe, Bahari_Mikindani asante.

Tupo siku ya nne. GTA V kwenye 1280 kwa 1024, mipangilio ya kawaida, inacheza kati ya fremu 45 na 60 kwa sekunde, mjini katikati inashuka kidogo. Joto la kadi halijavuka nyuzi 70 hata mchana, na mnajua joto la Mtwara. Taa ni ya kijani.

Muuzaji alinifungia nilipomtumia ile picha. Nikamtumia kwa namba ya shangazi. Amerudisha elfu themanini, iliyobaki anasema tutaongea.

Mkavu255

Hiyo feki umeipeleka wapi? Nina rafiki anatafuta kadi ya bei poa.

Karani_Chuno

Iko kwenye droo ya mizani, nimeiandika kwa kalamu ya magunia: GTS 450. Akiitaka kwa jina hilo, elfu kumi na tano. Kiwaya hakimo, nimekikata.