Ukuta wa bahari na hatima ya mikoko

Mkazi wa Kunduchi: Ndugu zangu, ukuta wa Barabara ya Barack Obama, hapa Dar es Salaam, unailinda barabara ile dhidi ya mawimbi. Je, ukuta kama huo ukijengwa nyuma ya mikoko yetu, utaidhuru?

Mwanaikolojia: Utaidhuru, ndugu. Usawa wa bahari unapopanda, mikoko huota kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, lakini ukuta huifungia njia hiyo, ikabanwa kati ya zege na maji hadi ikafa. Tena mawimbi yanayogonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuchimba tope wanamoishi kaa, jambo linaloniumiza sana.

Mvuvi: Ni kweli, mwalimu. Aidha, mmomonyoko huongezeka pale ukuta unapoishia, kwa jirani.

Mkazi wa Kunduchi: Ahsanteni. Nitaomba kwenye mkutano wa mtaa kwamba nyuma ya mikoko ibakizwe ardhi isiyojengwa.