Naomba ushauri: kisiki hai na mbuzi wa majirani, Chamwino

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina ekari 12 za miti ya asili hapa Chamwino: migunga kwa wingi, mikwaju michache, na visiki vya miti iliyokatwa mkaa kabla sijanunua eneo. Ninachotaka kwanza ni asali, kisha kuni na nguzo za nyumbani. Kupanda miche kwa mvua yetu ya msimu mmoja ni kazi kubwa, kwa hiyo nafuata kisiki hai, yaani kukuza miti upya kutoka kwenye visiki vilivyopo: nimebakiza machipukizi yaliyonyooka, nikapogolea na kuyafunga vitambaa wachungaji wayatambue.

Shida ni mbuzi. Kiangazi hiki wametafuna ncha karibu zote upande wa korongo. Uzio wa miiba umeliwa na mchwa, na wenye mifugo ni majirani zangu, sitaki kabisa tufikishane kwa mtendaji.

Kwa migunga, niache machipukizi mangapi kila kisiki nikilenga maua ya nyuki zaidi ya nguzo? Na kuna aliyewahi kukubaliana na wafugaji wakate nyasi na kubeba badala ya kuchungia ndani, tena kwa maandishi ya serikali ya kijiji, makubaliano yakaheshimiwa? Wenye uzoefu wa Dodoma au Singida nisaidieni kabla mvua za Desemba hazijaanza.