Acheni kuwauzia watu tangi la samaki mkiliita nyumba ya chatu

Wadau wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na pande zote hizi, uzi huu ni wa hasira na sitaificha.

Kuna maboksi yanayouzwa hapa Nakuru kama "nyumba kamili" ya chatu mpira, yule chatu mfupi wa Afrika Magharibi anayejikunja duara akiogopa. Kamili kwa lipi? Ni tangi la samaki la sentimita 60, wavu juu, balbu nyekundu, jiwe la umeme la kupasha joto, na kipimajoto cha mshale kilichobandikwa kwenye kioo. Thamostati, kile kifaa kinachopima joto na kuwasha au kuzima hita chenyewe, hakuna. Mnunuzi anaambiwa achomeke, awashe, basi. Mnyama anayeweza kuishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vizuri anaingizwa humo, baada ya miezi michache anakoroma na povu linamtoka mdomoni, halafu muuzaji anasema "nyoka wako alikuwa dhaifu". Si dhaifu. Ni boksi.

Kwanza kibali. Muuzaji asiyekuuliza kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, anakuingiza kwenye kesi. Chatu wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Huna kibali, usinunue nyoka wala boksi.

Sasa joto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai baridi hufika nyuzi 10. Chatu mpira ni wa nyika na mashamba ya Ghana, Togo na Benin: upande wake wa joto unatakiwa uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi 25 hadi 27, na usiku pasiwe chini ya 24 popote ndani ya boksi. Maana yake chumba kikipoa kama nje, hita ifanye kazi ya kupandisha angalau nyuzi 14, usiku kucha. Kioo chembamba chenye wavu juu hakiwezi. Joto linapaa kama mvuke wa sufuria isiyo na kifuniko, na unyevu unaondoka nalo. Ndiyo maana ngozi inatoka vipande vipande na gamba la jicho linabaki limeganda. Halafu mtu anachukua kibanio avute lile gamba. Usivute! Mpe boksi dogo lenye taulo nyevu upande wa joto, na urekebishe unyevu. Likibaki hata baada ya kujivua mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Lile jiwe la kupasha litupwe leo. Linawaka sehemu moja kuliko nyingine, na chatu hatoki upesi pale tumbo linapoungua. Utakigundua kidonda kikiwa kimeshaoza. Balbu nyekundu nayo iondoke, kwa sababu anauona mwanga wake na usiku wake unaharibika.

Linalonikera zaidi ni hili. Hata wale wauzaji wachache wanaoweka thamostati, wanaiweka vibaya. Sensa, yaani ncha ya waya inayosoma joto, inabandikwa kwa selotepu kwenye kioo cha upande wa baridi. Fikiria kinachotokea: umeweka nyuzi 32, sensa inasoma 24, basi hita haizimwi kamwe. Upande wa joto unapita 40 na chatu anajibana pembeni akitafuta pa kukimbilia. Au selotepu inalegea kwa unyevu, sensa inadondokea bakuli la maji, inasoma maji, na hita inaendelea kuwaka vilevile. Selotepu yenyewe ikimnasa nyoka, inang'oa magamba ikibanduliwa. Ndani ya boksi la nyoka selotepu haina kazi. Sensa ifungwe kwa kibanio cha skrubu juu ya matandiko, chini ya hita, mahali mgongo wa nyoka unapofika.

Thamostati haihitaji kuagizwa ng'ambo. Ile ile ya mashine ya kuangulia vifaranga, ya kuwasha na kuzima, inafaa kwa hita ya seramiki, ile inayotoa joto bila mwanga. Weka 32, na tofauti kati ya kuzima na kuwasha iwe nyuzi 1. Usiifunge kwenye balbu ya mwanga, itaiwasha na kuizima mpaka waya wa ndani ukatike. Na kwa sababu rilei, zile swichi za ndani ya thamostati, zikiwa za bei rahisi hunata zikiwa zimewaka, funga thamostati ya pili mfululizo na ile ya kwanza, sensa yake ikiwa pale pale, uiweke nyuzi 36. Ya kwanza ikikwama, ya pili inakata. Kazi hiyo afanye fundi wa umeme, si wa mbao.

Boksi lenyewe: mbao, si kioo pande zote. Kwa chatu mkubwa, sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi nane kwa nne, inatoa juu, chini, mgongo na mbavu mbili, na kinachobaki ni upana wa msumeno tu. Mbele weka vioo viwili vya kuteleza vya milimita 6 vyenye kufuli, na ule mwanya vinapopishana uzibwe kwa utepe wa plastiki, maana chatu mchanga ni mwembamba kama kidole na atapita. Pembe zote za ndani zizibwe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu, halafu mikono mitatu ya vanishi ya maji. Liache wiki nzima. Pua ikinusa chochote, bado. Matundu matatu ya sentimita 5 chini upande wa baridi, matatu juu upande wa joto, yote na wavu mdogo.

Hita iwe na wati za kutosha kufikisha joto hilo hadi alfajiri. Kishikilio kiwe cha kauri, kwa sababu cha plastiki kitayeyuka. Izungushiwe kizimba cha wavu wa nusu inchi, umbali wa sentimita 8 kutoka kwenye hita, kikazwe darini kwa skrubu. Chatu huyu hupanda, na atajizungusha kwenye hita iliyo wazi huku ngozi inaiva.

Maficho mawili yanayofanana, moja kila upande, madogo kiasi kwamba mwili unagusa kuta. Likiwa moja tu upande wa baridi, atachagua kujificha kuliko kupata joto, na chakula hakitasagika.

Matandiko: maganda ya nazi yaliyokatwa, kina cha sentimita 7 hadi 10. Maji yamiminwe pembeni yashuke chini, juu pabaki pakavu. Ukinyunyizia juu kila siku, tumbo linaoza. Unyevu wa hewa uwe asilimia 60 hadi 70. Na tafadhali, acheni kuuza vumbi la mbao kwa gunia mkiliita matandiko. Ndani yake huweza kuwa na mtarakwa, na mafuta ya mti huo yanachoma mapafu ya nyoka.

Boksi liwake tupu siku saba kabla nyoka hajaingia. Soma kipimajoto cha kidijitali saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, pande zote mbili. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba za alfajiri hajui anachouza.

---

Jibu, kutoka Kisumu: Asante mkuu. Huku kwetu mchana ni 29, 30. Hita ya nini?

Mwenye uzi: Ndugu, usiku Kisumu hushuka hadi 17 au 18, na thamostati itazima yenyewe mchana. Hatari yenu ni nyingine: boksi likipigwa na jua la dirishani linapita 40 na hakuna thamostati ya kuzima jua. Liweke ukuta usiopata jua.

Jibu, fundi wa vioo: Kaka, unatulaumu bure. Wateja wenyewe wanataka kioo pande zote waone nyoka. Na stima ikipotea, hata mbao zitafanya nini?

Mwenye uzi: Fundi, mteja hajui, wewe ndiye unayeuza. Aliyekwisha nunua tangi afunike theluthi mbili za wavu kwa karatasi ya alumini na abandike foamu nje ya vioo vitatu, angalau apumue. Stima ikipotea, mbao zinashika joto kwa saa kadhaa, tangi linapoa upesi. Jaza maji ya moto kwenye chupa mbili za lita 2, zifunge kwa taulo, ziweke upande wa joto, tupa blanketi juu bila kuziba matundu. Usimlishe mpaka joto lirudi siku nzima, maana akipoa na panya tumboni atamtapika. Na jiko la makaa lisiingie chumba hicho: hewa yake inaua nyoka na aliyelala humo.

Nawe ukitengeneza la mbao, niwekee hapa picha ya kipimajoto saa kumi na moja alfajiri, Julai, Nakuru. Likisoma 31 upande mmoja na 25 upande wa pili, nitawaelekeza watu kwako mimi mwenyewe.