Mzee anataka kuwatafuta wenzake wa jeshini, tunaanzia wapi?

Wakuu salama? Mzee wangu kastaafu jeshi kitambo sana, sasa kaanza kuwatafuta wenzake wa kombania, alichonacho ni picha moja na majina ya utani yameandikwa nyuma, basi. Naanzia wapi? Halafu naogopa asije akafukua mambo aliyoyazika.

Kuruta_wa_Zamani: Majina ya utani ofisini hayasaidii kitu mkuu. Mwambie akumbuke namba yake ya jeshi, kikosi na mwaka alioingia depo kwa mafunzo ya ukuruta, mpeleke navyo chama cha maveterani. Anwani ya mtu usitegemee kupewa, andikeni barua muombe wamfikishie mwenyewe, akitaka atajibu.

Binti Sajenti: Hiyo picha iskani uitupie kwenye magrupu ya wastaafu, mara nyingi wanaomtambua mtu ni watoto kama sisi. Ila muulize mzee kwanza, si kila mtu anataka kuonekana.

Afande Mstaafu: Sisi tulikutana, swali la kwanza lilikuwa nani katutoka, kwa hiyo mwandae, orodha huwa ndefu. Luteni wetu alipoingia watu wakasimama wima, hadi mwenye mkongojo, halafu wakabishana mpaka usiku nani alibeba redio siku ile. Akirudi kanyamaza siku mbili tatu usimsumbue, ila usingizi ukikata kabisa mpeleke kwa mshauri nasaha.

Muuliza swali: Asanteni wakuu. Namba ya jeshi kaitaja bila hata kufikiri, wakati namba ya simu ya mama mpaka leo anaitafuta kwenye daftari 😂