Mlonge, kitunguu swaumu, manjano au pilipili? Kipi kinafaa kwa kware wa mayai (Dodoma)

Kware_Nkuhungu:
Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma mjini nafuga kware wa mayai kwenye keji, chakula nachanganya mwenyewe, mahindi meupe, mashudu ya alizeti, soya kidogo, dagaa, chokaa na premix (unga wa vitamini na madini). Wanataga vizuri ila viini vimepauka sana mpaka mteja wangu wa mgahawa ameanza kulalamika, na mimi sitaki mambo ya kumwaga antibaotiki kwenye maji kila wiki eti ndo watage. Nataka kitu cha mimea. Kuna anayenambia mlonge, mwingine swaumu, mwingine manjano, mwingine mwarobaini, na duka la pembejeo wanataka ninunue unga wa pilipili nyekundu. Mliotumia naombeni mlinganishe rangi ya kiini, utagaji na gharama, sio mtu anakuja anasema mlonge unatibu kila kitu anaondoka.

MamaVeyula:
Kwa hapa kwetu mlonge mdogo wangu, unastahimili ukame na ukiukata unachipua tena, huhitaji kununua. Ila siri ipo kwenye kukausha. Anika kivulini penye upepo, tandaza juu ya neti majani yasilaliane, geuza asubuhi na jioni. Ukianika juani kwa jua letu hili la mwezi wa kumi rangi yote inaondoka na ndo hiyo hiyo unayoitafuta. Jani zuri likikauka linavunjika mkononi huku bado ni la kijani kabisa, likishakuwa la kahawia usijisumbue kulisaga. Mimi naweka kilo 3 kwenye kila kilo 100 za chakula.

Fundi_Misosi:
Mama amemaliza kwenye kukausha, niongezee kwa nini. Rangi ya kiini kware hatengenezi mwenyewe, anaitoa kwenye chakula. Mahindi ya njano na majani mabichi yanayo hiyo rangi, mahindi meupe karibu hayana kitu, na mtama wetu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kiini kupauka sio ugonjwa, mkuu, ndege wako wazima kabisa. Sasa ukilinganisha, mlonge unakupa njano na juu yake kuna protini, unga wa majani makavu unafika robo ya uzito wake au zaidi kidogo. Pilipili nyekundu inasukuma kiini kwenda rangi ya chungwa, na usiogope ukali maana ndege hawasikii muwasho wa pilipili kama sisi, utakayewashwa ni wewe unayechanganya, vaa barakoa. Manjano watu wanaipenda kwa sababu inapaka vidole, ila rangi yake sio jamii moja na ile ya majani na mahindi ya njano, mimi nikiitumia sikuona kiini kikibadilika cha kumwambia mteja. Na chochote utakachochagua usikague kesho yake, kiini kinajengwa siku kadhaa kabla yai halijatoka.

Kongwa_Mfugaji:
Mnaongelea rangi tu, jamaa kauliza na antibaotiki. Hapo swaumu ndo yenyewe. Ponda mbichi, iache dakika chache ndo uchanganye, ile nguvu yake inatokea ikishapondwa na ukiipika inapotea. Mi nawapa wakati wa kipupwe mwezi wa sita na wa saba ule upepo wa baridi ukianza, kinyesi kinakuwa kikavu na banda halinuki sana. Shida ni bei, swaumu ikipanda sokoni Majengo hata ya kupikia unaihesabu punje. Na usizidishe, kuna wateja wangu walisema mayai yana harufu.

Fundi_Misosi:
Sawa kabisa, ila tuelewane, swaumu inasaidia utumbo, haitibu ndege aliyeshaugua, huyo ita mtaalamu wa mifugo. Ulaya walipiga marufuku antibaotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006 na wafugaji wao ndo wakaingia kwa nguvu kwenye hii mimea, kwa hiyo mnachofanya sio ushamba hata kidogo.

Zabibu_Hombolo:
Vipi makapi ya zabibu? Huku msimu ukifika yanatupwa tu, mi nawapa kuku.

Fundi_Misosi:
Kwa kware yawe makavu, yamesagwa laini, kidogo sana. Yana nyuzinyuzi nyingi na ule ukakasi wa mbegu, ukizidisha wanapunguza kula. Halafu makapi mabichi yanaota ukungu haraka mno. Kwenye ukungu naomba tuwe makini jamani, mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na ndege wanaathirika vile vile. Hakuna mlonge wala swaumu inayosafisha mahindi mabovu. Majani yako yakinukia uvundo mwaga.

Kware_Nkuhungu:
Nashukuru sana wakuu. Na mwarobaini?

MamaVeyula:
Kwa watagaji mimi siuweki, ni mchungu chakula kinabaki kwenye kihori, na kware asipokula leo kesho unaokota mayai machache. Kabla hata ya hayo majani, taa unawasha? Jua letu ni kama masaa 12 tu, kware mtagaji anataka mwanga masaa 14 mpaka 16. Hiyo taa inaongeza mayai kuliko unga wowote.

Kware_Nkuhungu:
Taa ipo mama, nawasha mpaka saa tatu usiku. Basi naanza na mlonge asilimia 3 kwenye keji za upande mmoja, upande wa pili nawaacha na chakula cha kawaida nione tofauti. Ndege 100 wanakula kama kilo 2 na nusu kwa siku kwa hiyo ni gramu 75 tu za unga, nusu kilo na kidogo kwa wiki. Swaumu nitaiweka baridi ikija.

Fundi_Misosi:
Vizuri, na majani mabichi tafuta kama mara nne au tano ya uzito wa unga unaoutaka, mengi ni maji. Ila usiuongeze juu ya mchanganyiko wa sasa, punguza mashudu kiasi hicho hicho. Mashudu yetu mengi yamekamuliwa na maganda yake, nyuzinyuzi ziko juu tayari, ukirundika na majani juu yake kware anashiba kabla hajapata protini yake ya asilimia 20. Chokaa usiiguse.

Kware_Nkuhungu:
Mashudu nayatoa kilo 3 basi. Kesho naenda kukata matawi kwa jirani, ana milonge uzio mzima.