Ushauri: mwanangu amegeuka mpelelezi kwa sababu ya katuni, nizifute?

Mama Makorora: Habari za jioni wakuu. Niko Tanga. Mwanangu ana miaka 9, alijaziwa katuni kwenye flashi huko Ngamiani. Zamani alikuwa anaangalia, anacheka, analala. Tatizo ni zile sehemu ambapo katuni ya kawaida inageuka ghafla kuwa ya upelelezi. Ile ya farasi, My Little Pony, wanapeleka keki mashindanoni kwa treni, kulala kuamka imeng'atwa. Ameirudia mpaka nimeikariri. Sasa ana daftari, anapima nyayo zetu, ananyunyiza unga wa ngano mezani atafute alama za vidole. Silali. Nizifute?

Baharia wa Raskazone: Usifute, dada! Hizo ndizo tamu kuliko zote. Siku nyingine unajua nani mwema nani mbaya, ila siku hiyo wale wale uliowazoea wote wanageuka watuhumiwa. The Simpsons walifanya hivyo 1995. Mzee Burns kapigwa risasi Mei, jibu likaja Septemba! Watu wamebishana miezi yote hiyo, kumbe ni Maggie, mtoto mchanga. Mzee alitaka kumpokonya pipi, bastola ikamponyoka. Mimi niliangalia kwa mjomba kwa mkanda wa kuazima, mkanda wenye jibu ukakosekana. Nililia mpaka nikanyimwa chakula.

Bi Mkubwa Pangani: Sisi tulilelewa kwa paukwa pakawa. Nyie mnawaachia flashi iwalee, halafu mnakuja kulia hapa. Mpeleke madrasa jioni.

Fundi Redio: Mtoto hamwagi unga bure. Anapeleleza nini? Kuna kitu kimepotea?

Mama Makorora: Ni kibubu chake tu. Hela za mkono wa Iddi, 46,000. Hiyo siyo hoja, mimi nimeuliza kuhusu katuni.

Fundi Redio: Hiyo ndiyo hoja. Nani kachukua?

Mama Makorora: Nilichukua mimi. Rejesho la kausha damu lilifika, kina mama wa kikundi wakakaa barazani kwangu mpaka saa mbili usiku, majirani wanaona. Nilipanga kurudisha kabla baba yake hajarudi safari Ijumaa. Alipouliza kwenye simu nikasema labda dada wa kazi. Nimempa nauli aende kwao Lushoto mambo yapoe. Sijamfukuza jamani, na nusu ya mshahara nimemlipa. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kijana wa Chumbageni: Kuna njia. Kwenye Adventure Time, Finn anapanda treni, abiria wanageuka mifupa mmoja mmoja, anahangaika kumtafuta muuaji. Mwisho wa yote ni rafiki yake Jake aliyepanga kila kitu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mwambie dogo ulikuwa mchezo, umpe hela zake.

Mama Makorora: Asante mdogo wangu, hilo nimelipenda.

Fundi Redio: Na yule binti anayeambiwa kaiba, naye yumo kwenye mchezo?

Mzee wa Data: Hii chai. Treni, keki, watuhumiwa, mama ndiye mwizi. Umeichukua ile ile ya farasi ukaweka kibubu. Mtoto wa miaka 9 atajuaje kibubu kimefunguliwa?

Kijana wa Chumbageni: Kweli, hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Mama Makorora: Sina nguvu ya kutunga. Kibubu ni cha mbao, nilikifungua kwa chini kwa kisu cha mezani. Msumari mmoja ukapinda, nikapigilia mwingine. Mtoto ameona mmoja unang'aa na mitatu ina kutu, akauchora daftarini. Kuhusu hiyo ya farasi, leo mchana kaniambia neno. Pinkie Pie anawatuhumu waoka keki mmoja mmoja bila ushahidi, mpaka Twilight Sparkle anamwambia watafute dalili kwanza. Wakapata unyoya, unywele na kope ya bandia, kumbe walioionja ni marafiki zao wenyewe. Akasema, "Mama, sisi dada tumemfanyia kama Pinkie Pie." Nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Mzee wa Data: Nafuta kauli. Binti kaondoka saa ngapi?

Mama Makorora: Saa tisa. Nimempigia, yuko stendi ya Kange, gari halijajaa.

Bi Mkubwa Pangani: Panda bodaboda, mwanangu. Umchukue na mtoto.

Mama Makorora: Anavaa viatu. Kachukua na daftari.