Watchmen (2009): filamu iliyofuata katuni yake karibu ukurasa kwa ukurasa, mbona haigusi?

Msomaji wa Sinza (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba maoni ya wale waliosoma katuni ya Watchmen na kuitazama filamu yake, kwa sababu hapa Sinza tumebishana juu yake mpaka tumeshindwa kuelewana. Sisi ni kikundi kidogo cha majirani tunaokutana mara moja moja kutazama filamu kwa projekta na kuijadili baadaye, na safari hii nimependekeza hii. Wenzangu wawili walioiona zamani wamenipinga. Mmoja anasema ni ndefu na inachosha. Mwingine anasema ni filamu ya mashujaa isiyo na shujaa, maana yule anayedhaniwa kuwa steringi anauawa karibu na mwisho, na aliyesababisha maafa yote anaachwa hai.

Binafsi nilianza na katuni, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, ambayo ilitoka kwa sehemu 12 kati ya mwaka 1986 na 1987 kabla ya kukusanywa kuwa kitabu kimoja. Nilipoitazama filamu ya Zack Snyder nilistaajabu kuona alivyoiheshimu michoro: beji ya njano yenye tone la damu, kinyago cha Rorschach, mmoja wa mashujaa wa hadithi, ambacho madoa yake hayatulii, jumba la kioo linaloinuka kutoka kwenye mchanga wa Mirihi, vyote vimo na vimepangwa kama vilivyo kitabuni. Hata hivyo kitabu kilinitia hofu iliyodumu, ilhali filamu niliimaliza huku nikitazama saa.

Je, natafuta kasoro kwa sababu tu nilitangulia kusoma, au kuna kitu hasa kilichopotea njiani? Na kama tutaionyesha, tuonyeshe toleo lipi, maana yapo zaidi ya moja? Natahadharisha kwamba majibu yatalazimika kugusa mwisho wa hadithi, kwa hiyo ambaye hajaiona na anatarajia kuiona aishie hapa.

Kalamu na Wino

Ndugu mleta mada, uchoraji wa katuni ndio unaonilisha, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa michoro. Kitu kimepotea, na kimepotea ndani ya uaminifu huohuo unaousifu. Gibbons aligawa kurasa zake nyingi katika visanduku tisa vilivyo sawa, safu tatu za visanduku vitatu, na mpangilio huo unamnyima msomaji raha ya kuona pigo moja kubwa limejaa ukurasa mzima, kama katuni nyingine za mashujaa zilivyotuzoeza. Ngumi hupewa nafasi ileile inayopewa kikombe cha kahawa. Kwa sababu hiyo mapigano katika kitabu kile yanaonekana kuwa jambo la aibu, linalofanywa haraka na watu wa makamo ambao mavazi yao ya kishujaa yameanza kuwabana, na ni msomaji mwenyewe anayeamua alitazame kwa muda gani.

Snyder alikwenda upande mwingine kabisa. Chukua tukio la Dan na Laurie, mashujaa wawili waliostaafu, kuvamiwa na genge la vijana uchochoroni: filamu inapunguza mwendo, mfupa unachomoza kwenye mkono, mlio wa kuvunjika unakuzwa, na kamera inazunguka ili tusikose kitu. Chukua pia kisa cha Rorschach na mtu aliyemuua mtoto. Kitabuni anamfunga pingu, anamwachia msumeno, anaitia nyumba moto, kisha anasimama nje akiitazama inavyoteketea. Kinachotisha ni kule kusimama kwake. Kwenye filamu anamkata kichwani kwa kisu cha bucha, tena na tena. Ninavyoona mimi, mwongozaji aliamini kwamba giza la hadithi hii limo kwenye damu, akaongeza damu, na matokeo yake tunafurahia kitu ambacho kitabu kilitaka tukionee haya.

Kisha kuna ile kona ya magazeti, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kitabu chote. Yupo mzee anayeuza magazeti kwenye kona moja ya New York, na kando yake amekaa kijana anayesoma katuni ya maharamia bila kuinunua, kama watu unaowakuta asubuhi pale Posta au Mwenge wameinamia meza ya magazeti, wanasoma vichwa vya habari na kuanzisha ubishi wa siasa bila yeyote kati yao kutoa hela. Hadithi inarudi kwenye kona hiyo sehemu baada ya sehemu. Anapita dereva wa teksi, anapita daktari wa akili aliyemhoji Rorschach gerezani pamoja na mkewe ambaye ndoa yao inayumba, wanapita wapelelezi wa polisi. Maafa yanapoangukia jiji, tunawajua waliokufa, na tunajua hata walichokuwa wakigombania dakika moja kabla.

Hapo ndipo Gibbons anapoviacha visanduku vyake tisa. Sehemu ya 12 inafunguliwa kwa kurasa sita mfululizo ambazo kila mmoja ni picha moja tu, na zote ni za maiti. Alijinyima ukurasa mzima kwa sehemu zote zilizotangulia ili autumie pale. Katika toleo la filamu lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, watu wa kona ile wanapita tu machoni, na baada ya mlipuko tunaonyeshwa shimo kubwa na vifusi. Ndugu yangu, huwezi kulilia shimo.

Mtazamaji wa Upanga

Mkuu Kalamu, habari ya visanduku tisa sikuwahi kuifikiria na nakushukuru kwa kuileta, lakini nadhani unaihukumu filamu kwa sheria za karatasi. Mtazamaji hashiki ukurasa mkononi wala hachagui akae na picha kwa muda gani, na mwongozaji anayempa kila kitu kwa kipimo kimoja atamlaza usingizi.

Kuna sehemu ambazo filamu imekishinda kitabu. Kumbuka dakika za mwanzo, mara tu baada ya Comedian, shujaa ambaye kifo chake kinaanzisha hadithi, kuuawa, Bob Dylan anapoimba na historia nzima ya mashujaa hawa inapita katika picha zinazosogea kidogo tu: Comedian akiwa na bunduki siku ya mauaji ya Kennedy, Dr. Manhattan, yule mwenye nguvu zipitazo za binadamu, akiwa mwezini na kamera yake mbele ya Neil Armstrong, mashujaa wa kale wakizeeka, wakiuawa au wakipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kitabuni habari nyingi za namna hiyo zimetawanywa katika kurasa za maandishi zilizowekwa mwishoni mwa sehemu mbalimbali. Filamu imezibana ndani ya wimbo mmoja, na hata mtu asiyejua lolote kuhusu Marekani anaelewa kwamba ameingizwa katika mwaka 1985 wa dunia nyingine, ambako Nixon bado ni rais. Ongeza sura ya Jackie Earle Haley, aliyeigiza Rorschach, anapovuliwa kinyago, na sauti ya upole ya Billy Crudup kama Dr. Manhattan akisimulia maisha yake kutoka Mirihi juu ya muziki wa Philip Glass. Ubaridi unaoulalamikia, mleta mada, ni wa Dr. Manhattan mwenyewe, mtu anayeiona jana na kesho kwa pamoja na ambaye hawezi tena kumwonea mtu huruma kwa wakati.

Watu hupenda pia kutaja kwamba Moore alikataa jina lake lisiwekwe kwenye filamu, na ni kweli, anayetajwa ni Gibbons peke yake. Lakini ugomvi wake na DC, kampuni iliyochapisha katuni hiyo, ulianza zamani, kuhusu mkataba ambao ungemrudishia yeye na Gibbons haki za kazi yao baada ya kitabu kuacha kuchapishwa, na kitabu hakikuacha kuchapishwa kamwe. Kukataa kwake hakutuambii kama filamu ni nzuri au mbaya.

Na nadhani wengi wetu hapa Dar hatukuiona filamu yenyewe mara ya kwanza. Tuliiona kwenye zile diski za Kariakoo zilizorundikiwa filamu nyingi mpaka picha ikafifia, na hii ni filamu ambayo sehemu yake kubwa inatokea usiku na mvua inanyesha. Rafiki yako anayesema inachosha huenda alitazama vivuli tu.

Mama Wawili, Kigamboni

Kaka zangu, mnazungumza vizuri, lakini nina jambo la vitendo kwa mleta mada, kwa kuwa amesema ni mkusanyiko wa majirani. Projekta ikiwashwa uani, watoto wa mtaa mzima hukaa mbele, na wakiona mtu mwenye kinyago watadhani ni Batman. Filamu hii Marekani iliwekwa daraja la R, ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na Uingereza ilipewa daraja la 18. Hayakuwa madaraja ya kuonea. Ionyesheni ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Halafu mmepita kimya juu ya Sally, shujaa wa kizazi cha kale na mama yake Laurie, ingawa ndiye aliyenifanya nikisome kitabu baada ya kuona filamu. Comedian alijaribu kumbaka akiwa kijana, na miaka mingi baadaye tunagundua kwamba ndiye baba wa binti yake Laurie. Kitabuni, karibu na mwisho, Sally aliyezeeka anabaki peke yake na picha ya zamani ya kundi lao na anaibusu mahali alipo mtu yule, machozi yakimtoka, bila neno lolote la kutueleza tufikirie nini. Filamu inamtamkisha sababu: hakuweza kumchukia kwa kuwa ndiye aliyempa binti. Sababu hiyo ni nyepesi mno kwa jambo zito kama lile, na inamwondolea mtazamaji kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe. Kaka Kalamu amelalamikia damu iliyoongezwa. Mimi nalalamikia maelezo yaliyoongezwa.

Msomaji wa Sinza (mleta mada)

Nashukuru sana, na dada wa Kigamboni, mlango tutaufunga. Limebaki moja ambalo hapa kwetu linazua ubishi kuliko yote, nalo ni mwisho uliobadilishwa. Rafiki yangu anasema filamu ilifanya vizuri kumwondoa yule pweza. Mnaonaje?

Mwalimu wa Mbagala

Mleta mada, rafiki yako ana hoja, ingawa haimfikishi mbali. Kitabuni, Ozymandias, shujaa wa zamani anayesababisha maafa yote, anatengeneza kiumbe kikubwa cha kutisha kinachofanana na pweza, kwa kuwatumia wasanii na wanasayansi waliodhaniwa kuwa wametoweka, kisha anakitupa katikati ya New York ili mataifa yaamini kwamba dunia imevamiwa kutoka nje na yaache kupigana. Kuyaeleza hayo kwenye filamu kungehitaji muda mrefu zaidi, na filamu ilikuwa tayari na dakika 162. Waandishi wa filamu wakatumia kitu kilichokwisha kuwepo ndani ya hadithi: milipuko yenye alama ya nishati ya Dr. Manhattan, katika New York na miji mingine mikubwa, ili lawama zimwendee yeye. Kwa ufundi wa kusuka kisa, fundo hilo limekaza zaidi kuliko la kitabu.

Tatizo lipo kwenye siasa. Dr. Manhattan ni silaha ya Marekani. Ndiye aliyeishindia vita ya Vietnam na ndiye anayewazuia Warusi. Silaha ya nchi moja ikiteketeza miji ya dunia, serikali ya Moscow haitakimbilia kukumbatiana na Washington, itataka kujua kwanza nani aliilea. Mvamizi kutoka nje hana uraia, na kwa hiyo uongo wa kitabu, pamoja na upuuzi wake wote wa pweza, unaaminika zaidi kama uongo wa kisiasa.

Lakini mimi singegombana kwa ajili ya pweza. Kilichoniuma ni mazungumzo ya mwisho. Kitabuni, Ozymandias aliyeua mamilioni anamuuliza Dr. Manhattan, kwa sauti ya mtu anayeomba kutulizwa, kama mwishowe alitenda sawa, naye anajibiwa kwamba hakuna kinachofikia mwisho, kisha anaachwa peke yake na jibu hilo. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye akili kuliko wote anaogopa. Filamu imeyahamisha maneno hayo na kumpa Laurie, akizungumza na Dan kuhusu jambo ambalo Dr. Manhattan angelisema, na Ozymandias hapati nafasi ya kuuliza. Badala yake Dan, ambaye kitabuni hata hakushuhudia Rorschach akiuawa, anashuhudia, analia kwa sauti, kisha anampiga Ozymandias. Watazamaji tunapata nafuu kwa kumwona mkosaji akipigwa, nafuu ambayo Moore alitunyima kwa makusudi. Mama Wawili ameliona hilohilo kwa Sally, nami nakubaliana naye kuliko ninavyokubaliana na Kalamu kuhusu damu.

Kuhusu toleo, yapo matatu ya kuzingatia. La majumba ya sinema, lile la dakika 162, nimekwisha kulitaja. La mwongozaji lina dakika 186, na ndani yake limerudishwa tukio la kuuawa kwa mzee Hollis Mason, shujaa wa kizazi cha kwanza, ambalo binafsi naliona bora kuliko pigano lolote la filamu nzima, kwa sababu mzee anapigana akiwa na kumbukumbu za ujana wake na zinamponza. La tatu lina dakika 215 na limechanganywa na ile hadithi ya maharamia iliyotengenezwa kwa katuni za kutembea, pamoja na muda zaidi kwenye kona ya magazeti anayoililia Kalamu. Ni zuri kwa aliyesoma kitabu, lakini mgeni atapotea kila meli inapotokea.

Kwa kikundi chenu ningechagua la dakika 186. Kwa kuwa kitabu unacho, piga picha zile kurasa sita za mwanzo wa sehemu ya 12 na uzionyeshe kwa projekta hiyohiyo filamu ikiisha, kabla hamjaanza mjadala, ili wenzako wapime wenyewe shimo na maiti. Anzeni mapema, kwa sababu ni zaidi ya saa tatu, na pumziko liwekeni mara Dr. Manhattan anapoondoka duniani kwenda Mirihi, maana mkiahirisha zaidi ya hapo hamtapata tena mahali pazuri pa kukata.